Kitabu cha Mukono wa Pili



Kijana mumoja wa kanisa aliniuliza: «Pasta, ni vizuri kununua vitabu vya zamani sokoni?» Ndiyo, lakini fungua kwanza.

Tazama mwaka na muji. Kama kilichapwa Élisabethville, ni cha mbele ya 1966, wakati muji wetu ulipata jina Lubumbashi. Tena, ukisoma humo habari za Union Minière tu, iliyoanza 1906, usizanie kazi ya shaba ilianza nayo. Hapana! Wazee wetu waliyeyusha shaba na kutengeneza misalaba yake miaka mia nyingi mbele.

Kisha tafuta kashe. Mimi nilinunua kimoja juu ya historia ya Kanisa. Kufika nyumba, naona kashe ya biblioteke ya masomo fulani, mutu alijaribu kuifuta. Nilikipenda sana kile kitabu. Lakini usiku ule kusali kulinishinda. Asubui nikakirudisha kwa wenyewe. Feza yangu ilipotea, usingizi ukarudi.

Baba, mama, kijana: pale kwenu, kuna kitabu cha nani?