Saa haiulizi kitambulisho: mtoto mhami naye apewe kiti mezani

Vijana wetu karibu wote wanamjua Mbappé. Alireza Firouzja wanamjua wachache. Huyu hachezi mpira, anacheza sataranji, ule mchezo wa mfalme, malkia na askari juu ya ubao wa miraba 64. Ana cheo cha Grandmasta, cheo cha juu kabisa katika mchezo huo. Sifa yake kubwa ni kasi. Kwenye intaneti anacheza michezo ambayo kila mtu anapewa dakika tatu tu, au moja, au hata nusu dakika kwa mchezo mzima. Dakika zako zikiisha kabla hujamfunga mfalme wa mwenzako, umeshindwa, hata kama ulikuwa mbele.

Lakini leo ninamtaja kwa sababu nyingine. Kuna wakati kijana huyu hakuwa na bendera.

Firouzja alizaliwa mwaka 2003 mjini Babol, kaskazini mwa Iran. Akiwa na miaka 12 alikuwa bingwa wa nchi nzima. Akiwa na miaka 14 alikuwa Grandmasta. Disemba 2019, shirikisho la nchi yake liliwazuia wachezaji wasiende Moscow kwenye mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi, ili wasikutane mezani na wachezaji wa Israeli. Kijana wa miaka 16 akaamua kuacha kuichezea Iran. Hapo safari yake ingeweza kukatika. Kwa bahati, shirikisho la dunia, FIDE, linaruhusu mchezaji asiye na nchi ya kumwakilisha acheze chini ya bendera ya FIDE yenyewe. Akaenda Moscow hivyo hivyo, akamaliza wa pili duniani katika mchezo wa kasi, nyuma ya Magnus Carlsen wa Norway.

Aprili 2020 walikutana tena, safari hii kwenye intaneti, katika fainali ya michezo ya dakika tatu. Firouzja akamshinda Carlsen kwa pointi 8.5 dhidi ya 7.5. Mwaka 2021 akaanza kuichezea Ufaransa, nchi iliyompokea na kumpa uraia. Kabla mwaka huo haujaisha alivuka alama 2800, akiwa mdogo kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika pale.

Tusidanganyane. Firouzja hakukimbia milio ya bunduki akiwa na godoro kichwani. Alikuwa na familia, na mafunzo alishayapata nyumbani. Maisha yake si maisha ya mtoto aliyelala chini ya turubai. Lakini swali alilokutana nalo ndilo wanalokutana nalo watoto wetu kila siku: wewe ni wa wapi, na karatasi zako ziko wapi?

Kwenye mchezo wa dakika moja hakuna anayeuliza hivyo. Saa inahesabu sekunde za mtoto wa tajiri na za mtoto wa mhami kwa kipimo kimoja. Kuna tovuti kama Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa mwaka 2010, ambayo haidai hata faranga moja wala haina matangazo. Ukipata simu na mega chache, unacheza na mtu wa Brazili au wa India.

Ila intaneti pekee haitoshi. Ili Firouzja afike Moscow, watu wazima walipaswa kukubali aketi. Hapo ndipo ninapowageukia wanaoandaa mashindano ya vijana, walimu, na viongozi wa kartie. Mtoto mhami akifika kwenye timu, asirudishwe kwa sababu karne yake ya shule iliungua pamoja na nyumba. Asiambiwe kwamba timu ni ya watoto wa hapa tu. Mwandikeni jina, apewe nafasi, karatasi zitafuata. FIDE haikumngoja kijana yule apate pasipoti mpya ndipo aguse ubao. Kauli yake ya Kilatini maana yake ni kwamba sisi sote ni watu wamoja, na siku ile ilionekana kwa vitendo.

Tena hili halifanyiki kwa mabingwa peke yao. Mwaka 2021, FIDE pamoja na HCR na chama cha sataranji cha Kenya walianza kufundisha mchezo huu katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako wanaishi pia ndugu zetu wengi Wakongomani. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba sataranji ni anasa ya wazungu. Ubao unachorwa kwenye kipande cha katoni. Visoda vya chupa tunavyochezea dama vinatosha, ukichora alama juu ya kila kimoja.

Najua mzazi atasema: simu inawapoteza watoto, na haraka haraka haina baraka. Ana haki. Firouzja mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 2022 huko Madrid, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, alikesha usiku mmoja akicheza kwenye intaneti zaidi ya michezo mia mbili ya nusu dakika, huku mchezo mkubwa ukimsubiri kesho yake. Alimaliza wa sita kati ya wanane. Kasi ni tamu, na utamu unalevya. Kwa hiyo mtoto aanze na ubao wa katoni, ajifunze kufikiri polepole, simu aipewe kwa saa maalumu, na usiku alale.

Lakini hofu ya simu isiwe kisingizio cha kumnyima mtoto mchezo. Mtoto aliyepoteza shamba, shule na marafiki bado ana akili yake, na hiyo haikubaki kijijini. Likizo inayokuja, kila anayeandaa mashindano, ya mpira, ya dama au ya kusoma, aweke viti kadhaa kwa watoto wahami tangu siku ya kwanza ya kuandikisha majina. Gharama yake ni ndogo. Na ninyi wazazi mliohama, msiwafiche watoto wenu kwa aibu ya nguo au ya karatasi. Waleteni.