Daftari la Wiki: Kibandiko na Miiba

Mpwa wangu aliyeko Ujerumani amenunua buibui-mjeledi, akanitumia picha na swali: "Shikamoo mjomba. Kibandiko kinasema ni *Damon variegatus* kutoka Tanzania. Kweli?"

Nusu ya kibandiko naiamini. Kwa miaka mingi wauzaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakimuuza *Damon diadema*, mwenyeji wa Kenya na Tanzania, kwa jina la *variegatus*, nduguye anayejulikana zaidi kusini mwa Afrika. Jina likishazoeleka sokoni, kuling'oa ni kazi.

Nimemwambia asiitazame rangi. Mnyama huyu hujivua gamba hata akiwa mtu mzima, na akitoka tu ndani ya gamba kuukuu huwa mweupe, kisha hukolea polepole. Atazame mikono ya kukamatia. Ya Damon ni mifupi kiasi, minene, yenye miiba mirefu. Ikiwa mikono ni mirefu mno, myembamba, karibu laini, na miiba imejikusanya kuelekea nchani, tunaingia kwa kina *Euphrynichus*, ambao nao wapo Afrika Mashariki. Na akimwona anapanda kioo kitupu bila kuteleza, basi si Damon: Damon hana vile vikanyagio vya kunata vilivyoko miguuni mwa jamaa zake wengine, kama wengi wa *Charinus*.

Hapo amepata jenasi tu. Kufikia spishi ni kuhesabu miiba, kupima upi unaupita upi, na mara nyingine kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Picha aliyonitumia haifai kitu, maana mnyama ameikunja mikono kifuani kama mzee aliyeshikwa na baridi barazani. Dawa yake ni gamba lililovuliwa: halitembei, haliumi, na miiba yote imo. Alilainishe kwa maji, ainyooshe mikono, apige picha kutoka juu.

*

Kuuma kwenyewe, hana sumu wala mwiba mkiani. Mkia wenyewe hana. Hafumi utando pia. Ile miguu miwili ya mbele, mirefu kama mijeledi, si ya kutembelea bali ya kupapasia gizani. Waliotengeneza filamu ya Harry Potter ya 2005 walichukua umbo lake wakampa kazi ya kutisha watu. Uonevu mtupu.

*

*Euphrynichus amanica* alipewa jina na Werner mwaka 1916, kwa sababu ya Amani, kule Usambara Mashariki. Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale tangu 1902. Naona ajabu kwamba watoto wengi wa Muheza wamemkanyaga mnyama mwenye jina la kwao, wakimdhani nge.

*

Mwaka 2006 Linda Rayor na Lisa Taylor walichapisha utafiti kuhusu *diadema*: mama hukaa na wanawe kwa miezi, akiwapapasa kwa mijeledi, nao wakipapasana wenyewe kwa wenyewe. Kabla ya hapo makinda hubebwa mgongoni mpaka wajivue gamba la kwanza. Anayemfuga peke yake ndani ya boksi anaikosa sehemu tamu kuliko zote.

*

Nikirudi kwenye kibandiko: mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo ukiona kibandiko cha leo kinasema "kutoka Tanzania", muulize muuzaji: aliyetoka Tanzania ni huyu, au bibi yake? Aliyezaliwa bandani ana historia. Aliyeokotwa porini bila kuandikwa mahali alipookotwa hana, na mtaalamu atahangaika naye.

Nanyi mlioko Tanga, Kwale au Morogoro, mkimkuta chini ya gogo au pangoni, mpigeni picha mikono kwa juu, mwandike mahali na tarehe, kisha mrudishieni gogo lake.