Hodi ya Ujiji

Imekuwa ada kwa msomi wa Kiswahili kurudi safarini, au kutosafiri kabisa akaona picha tu, akatangaza kwamba Wajapani ndio wajuao kuingia nyumba ya mtu. Ati huvua viatu mlangoni wakavigeuza vielekee nje, hawaendi mikono mitupu, na wakivuka kizingiti hutamka "ojama shimasu", yaani, naja kukuudhini. Yote ni kweli, tena ni mazuri. Kinachochukiza ni ule mshangao, kana kwamba huyo msomi alizaliwa katika nyumba isiyo mlango.

Hodi ni nini, kama si maneno hayo hayo? Mgeni husimama kando, asichungulie, akaita mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka pasi na kinyongo, kama ilivyoagizwa katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28. Viatu hubaki nje ya mkeka. Adabu hiyo ilifuata njia ya misafara hata Ujiji, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Waha nao hawakungoja kufundishwa kumkirimu mgeni. Na Wajapani wenyewe, Toshisada Nishida na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walioanza kuchunguza sokwe wa Mahale, kusini ya Kigoma, mwaka 1965, walifika katika nchi ya Watongwe iliyokwisha kuwa na adabu zake.

Dharau hii ni kongwe. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji kwa bendera ya Marekani na mlio wa bunduki karibu hamsini. Asilaumiwe kwa hilo, maana ndiyo iliyokuwa hodi ya misafara. La kulaumiwa ni kwamba dunia imekariri sentensi moja ya mgeni huyo, ambayo wapo wanahistoria wanaoshuku kama aliitamka, kwa kuwa kurasa za siku hiyo katika shajara yake zimechanwa. Wenyeji wamefutwa.

Wamo, hata hivyo, katika kitabu chake mwenyewe cha 1872. Livingstone, aliyekuwa mgeni pia, alimketisha barazani mahali pake hasa, penye mkeka na ngozi ya mbuzi. Stanley alikataa, mzee hakukubali. Huo ni Uskoti, au ni Ujiji? Kisha vyakula vikamiminika: Said bin Majid alileta vitafunio vya nyama, vya moto; Muhammad bin Sali, mchuzi wa kuku; Mwinyi Kheri, nyama ya mbuzi na wali. Hakuna aliyeuliza mgeni atakaa siku ngapi.

Na kabla ya sahani hizo, wazee wa mji waliokuwa wamekaa barazani kusikiliza habari waliinuka wote wakaaga, bila ya kuambiwa, ili wawili wale wabaki peke yao. Stanley aliustahi uungwana huo akauandika. Wanaomnukuu huishia kurasa chache kabla ya hapo.