Kisu Kinachochinja Kuku Tu

Kila rais wa Marekani akivurunda, hapa mtandaoni kwetu lazima msee mmoja aulize: si wambandue tu? Utadhani ni kubandua stika kwenye mlango wa matatu. Mimi sina digrii ya sheria. Sina digrii yoyote, chuo nilikiacha mwaka wa pili. Lakini kuhesabu najua, na hesabu ya jambo hili ni fupi.

Tangu 1797, Bunge la Wawakilishi la Marekani limewafungulia mashtaka ya kuwang'oa madarakani watu 21: marais 3, mawaziri 2, seneta 1 na majaji 15. Kesi husikizwa na Seneti, na ili mtu atoke ni lazima theluthi mbili ya maseneta waliopo wakubali. Walioangushwa hivyo ni 8. Wote wanane ni majaji. Rais, hakuna. Waziri, hakuna. Zaidi ya miaka mia mbili kisu kinanolewa, na kilichochinjwa ni kuku tu. Ng'ombe bado anakula nyasi.

Waangalie hao kuku wenyewe. Wa kwanza, mwaka 1804, ni John Pickering, jaji wa New Hampshire. Alikuwa mlevi, na mwanawe mwenyewe aliieleza Seneti kwamba baba yake amerukwa na akili. Hakufika hata kujitetea. Wakampata na hatia ivo ivo. Harry Claiborne naye, jaji wa Nevada, alifungwa jela kwa mambo ya kodi lakini akakataa kujiuzulu, kwa hivyo alikuwa ndani huku mshahara wa ujaji ukiendelea kuingia. Seneti ilipomtoa 1986, ilichofanya ni kuufunga huo mfereji. Jela alikuwa amepelekwa na mahakama ya kawaida kitambo.

Sasa waangalie ng'ombe. Mwaka 1868, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha juzi tu, Rais Andrew Johnson alikuwa anapiga kalamu sheria za kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Alishtakiwa, lakini hasa kwa kumfuta kazi waziri wake wa vita. Kura zikawa 35 dhidi ya 19. Zilihitajika 36. Akabaki ikulu kwa kura moja.

Mwaka 1876, William Belknap, waziri wa vita aliyehusishwa na hongo, alikimbia kujiuzulu muda mfupi tu kabla ya wabunge kupiga kura. Walimshtaki hata hivyo. Maseneta wengi walisema ana hatia, ila theluthi mbili haikufika, manake baadhi yao walishikilia kwamba mtu ashaondoka, sasa tunamhukumu wa nini? Kisingizio hicho kilirudi 2021. Trump alipata kura 57 za kumtia hatiani dhidi ya 43, akapona. Mitch McConnell, kiongozi wa chama chake kwenye Seneti, alipiga kura ya kumwachilia, kisha akasimama hapo hapo akasema Trump ndiye wa kulaumiwa kwa uvamizi wa bunge. Ila, ati, ashatoka ofisini.

Wanaotetea utaratibu huu husema ni mahakama. Mahakama gani hiyo ambayo jaji ni mwanachama mwenzako? Jaji wa shirikisho hana wapiga kura, hana kampeni, hana chama kitakachozama naye. Kumtoa hakumgharimu seneta yeyote usingizi. Rais ana vyote hivyo, na kumtoa kunaweza kumpotezea seneta kiti.

Utaniuliza, na Nixon je? Richard Nixon hakubanduliwa. Alijiuzulu Agosti 1974 kabla Bunge zima halijapiga kura. Mahakama ya Juu ilimlazimisha kutoa kanda alizorekodi, watu wakasikia, wakakasirika. Ndipo wazee wa chama chake wakaenda ikulu kumwambia kura hana tena. Kisu hakikumgusa. Kilichomtoa ni marafiki kuanza kuogopa wapiga kura wao.

Hiyo hesabu tunaijua hata sisi. Tuliiandika kwenye Katiba ya 2010, vifungu 145 na 150, na theluthi mbili zake. Oktoba 2024 wabunge 281 waliunga mkono hoja ya kumtoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na Seneti ikamaliza kazi yeye akiwa hospitalini. Sina machozi ya kumlilia. Lakini miezi minne awali vijana walikuwa barabarani wakiimba aondoke mtu mwingine, aliyekuwa juu yake kwenye tiketi hiyo hiyo. Bunge likasikia kelele zetu, likachagua aliyeachwa na wenzake, likamchinja, na wengine wetu tukapiga makofi kana kwamba tumejibiwa.

Hatukujibiwa, bana. Tulipewa kuku.

Kwa hivyo hoja ingine ikiletwa, ya gavana, ya waziri, ya yeyote, wacha kukesha ukisoma mashtaka kama ndiyo yataamua. Uliza nani amemtoroka, lini, na kwa nini. Na ukitaka siku moja ng'ombe mwenyewe aguswe, usimngoje spika. Mtafute mbunge wako, yule aliyekuomba kura akiwa amevaa kofia ya chama, umwambie mapema utakachofanya 2027 akipiga kura vibaya. Yeye huhesabu kura zake kila siku. Ajue yako haimo.