Roy na Riza: Ni Wapenzi au Si Wapenzi?



Tangu Oktoba tumekuwa tukirudia Fullmetal Alchemist: Brotherhood kila Ijumaa jioni, sehemu nne kwa mkao mmoja, mpaka zikatimia zote 64. Wengi wetu tuliiona mara ya kwanza tukiwa wadogo, macho yote kwenye mapigano. Safari hii tunajua nani atashinda, kwa hiyo macho yamehamia kwa watu: nani anamwitaje nani, nani anasimama nyuma ya nani, nani ananyamaza na kwa nini. Hapo ndipo ubishi ulipozuka, na haujapoa hadi leo. Kanali Roy Mustang na Luteni Riza Hawkeye, je, ni wapenzi au si wapenzi?

Kwa walimu ambao bado mnaziita kazi hizi katuni za watoto, muhtasari ni huu. Edward na Alphonse Elric ni ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Edward akapoteza mkono na mguu, Alphonse akapoteza mwili mzima, roho yake ikafungwa ndani ya vazi la chuma. Wanazunguka nchi ya Amestris wakitafuta namna ya kurudishiwa walichopoteza. Roy ni mkubwa wa Edward jeshini, na anajua kuwasha moto kwa kupiga vidole. Riza ni msaidizi wa Roy, mlenga shabaha asiyekosa.

Kabla ya kubishana, tulikubaliana kanuni moja: sema kwanza unazungumzia toleo lipi. Hiromu Arakawa alichora manga yake kuanzia 2001 hadi 2010. Anime ya kwanza, yenye sehemu 51, ilitoka 2003 na 2004, wakati manga ilikuwa mbali na mwisho, kwa hiyo ikashika njia yake. Brotherhood ya 2009 na 2010 ndiyo iliyoifuata manga. Tofauti hiyo si ndogo. Wazazi wa Winry, rafiki wa utotoni wa akina Elric, walikuwa madaktari waliouawa vitani Ishval. Katika anime ya kwanza aliyewaua ni Roy, kwa amri ya wakubwa wake. Katika Brotherhood aliyewaua ni Scar, mgonjwa waliyekuwa wakimtibu. Mwenzetu mmoja alipigana wiki mbili akisema Winry hawezi kukaa chumba kimoja na Roy. Kwa anime ya kwanza ana haki kabisa. Kwa hii tuliyokuwa tukiiangalia, anamhukumu mtu kwa kesi ya mwingine.

Turudi kwenye swali. Kambi ya kwanza inasema ni wapenzi, na ushahidi wake ni mwingi. Hughes, rafiki mkubwa wa Roy, anapozikwa, Roy anasema mvua inanyesha, na mbingu ni nyeupe pe. Riza anamtazama, anaona chozi, anakubali kwamba ndiyo, inanyesha. Baadaye Riza anakatwa shingo ili Roy alazimishwe kufanya alkemia iliyokatazwa, naye anampa ishara kwa macho tu, na Roy anaelewa. Roy anapopofuka, ni Riza, mwenye jeraha bichi, anayemwelekeza pa kupiga moto. Kambi hii inauliza: mnataka nini zaidi, cheti cha ndoa?

Kambi ya pili inajibu kwamba katika sehemu 64 hakuna busu wala neno. Hata kuitana kwao ni kwa kikazi. Yeye anamwita taisa, yaani Kanali. Yeye naye anamwita chūi, yaani Luteni. Wapenzi gani hao wanaoitana kwa vyeo hata wakiwa peke yao?

Hapa ndipo nilipoomba nafasi ya kusema, kwa sababu naona hoja hii ya pili inaanguka yenyewe ikisikilizwa kwa Kiswahili. Ni wangapi kati yetu tumelelewa na wazazi wasioitana kwa majina? Baba anasema Mama Fulani, mama anasema Baba Fulani, tangu mtoto wa kwanza azaliwe mpaka wajukuu wanakuja. Mgeni Mzungu anaweza kudhani wanaheshimiana tu kama majirani. Sisi tuliokua humo tunajua kwamba jina lile lina nyumba nzima ndani yake. Jina tupu ni la kila mtu, ila namna ya kuitana ni ya wawili.

Na Arakawa mwenyewe ameweka mtego hapo hapo. Katika sehemu ya 54, Envy, kiumbe anayeweza kuiga sura ya mtu yeyote, anajigeuza kuwa Roy na kumjia Riza. Riza anamwelekezea bastola na kumwambia kwamba wakiwa wawili tu Kanali humwita Riza. Envy anaamini ameshikwa, anajifichua. Kumbe Riza alikuwa anamtega: Roy hamwiti hivyo. Adui alidhani, kama kambi ya pili inavyodhani, kwamba watu wa karibu lazima waitane kwa majina faraghani. Dhana hiyo ndiyo iliyomponza.

Kuhusu neno lenyewe la kupenda, tusilitegemee kupita kiasi. Neno suki la Kijapani humaanisha kupenda mtu na kupenda chakula, sawasawa na kitenzi chetu. Napenda wali wa nazi, nampenda shangazi, nampenda mchumba wangu, kitenzi ni kimoja. Ndiyo maana mashabiki wanaosoma tafsiri za Kiingereza hugombana usiku kucha kama mhusika fulani kakusudia mapenzi au kupendezwa tu. Kwa Mjapani na kwa Mswahili, neno peke yake halitoshi kuwa shahidi. Inabidi kumwangalia mtu anafanya nini.

Mpaka hapo kambi ya kwanza ilikuwa ikinipigia makofi. Makofi yalikoma mwenzetu mmoja aliyezaliwa Bukavu alipoomba kusema. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa: ninyi mnauliza kama Roy anampenda Riza. Mimi nauliza Waishvali wangesemaje mkiwaonyesha huyu bwana mzuri wa sura mnayemtafutia mchumba. Alichoma watu wakiwa hai, naye Riza alikuwa akipiga risasi kutoka mbali. Nyumbani kwetu, alisema, tumeona wenye bunduki wakirudi mjini na vyeo vipya, na watu wakawasahau waliokufa kwa sababu makamanda walikuwa na maneno matamu.

Chumba kilinyamaza. Nadhani yeye ndiye aliyeuona uhusiano huu vizuri kuliko sisi sote, hata kama alikuwa akiukataa. Kwa sababu mwandishi hakuficha jambo hilo, bali ndilo aliloweka katikati yao. Siri ya alkemia ya moto ilikuwa ya baba yake Riza, na iliandikwa mgongoni mwa binti yake. Riza alimwonyesha Roy kwa kuamini kwamba ataitumia kuwasaidia watu. Roy akaipeleka Ishval. Vita vilipokwisha, Riza alimwomba auchome mgongo wake, ili asizaliwe mtu mwingine wa moto. Na alipokubali kumtumikia, Roy alimpa ruhusa moja: siku nitakapopotoka, nipige risasi mgongoni.

Ruhusa hiyo inadaiwa katika sehemu ile ile ya 54. Roy amempata Envy, muuaji wa Hughes, na anamchoma kidogo kidogo kwa chuki. Riza anamwekea bastola kisogoni. Roy anamwuliza atafanya nini baada ya kumwua. Jibu lake ni kwamba naye hataendelea kuishi, ili siri ile iondoke na mwili wake. Roy anashusha mkono.

Mwanafunzi wa sheria katika chama chetu anasema hayo si mapenzi, ni usimamizi. Akaongeza kwamba mkubwa kumtwika mtu aliye chini yake mzigo wa dhamiri yake si haki. Hoja yake ina uzito, na sina jibu la kuimaliza. Lakini nakataa kwamba tuchague kati ya wapenzi na wafanyakazi tu, kana kwamba lugha yetu ina maneno mawili. Tuna rafiki, swahiba, mwenzi, mchumba, mpenzi, msiri, mwandani. Neno mpenzi naliona jepesi kwa watu waliofungwa pamoja na makaburi ya wengine. Neno swahiba lina raha nyingi mno. Mimi nachagua mwandani, mtu wa ndani, anayejua hata kile ambacho ungependa kisijulikane, na hakai kimya kwa ajili ya kukupendeza. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Riza anamfaa Roy katika dhiki ngumu kuliko zote, ile ya mtu kugeuka kuwa kitu alichoapa kutokuwa tena.

Kwa wanaotaka mapenzi yaliyo wazi, Edward na Winry wapo. Riza alipomwuliza Edward kama anampenda Winry, kijana alipaliwa. Mwishoni anaposa mwenyewe kwenye kituo cha treni, bila mshenga, kwa kanuni ya alkemia ya sawa kwa sawa: nusu ya maisha yangu kwa nusu ya maisha yako. Winry anamshangaa, anasema atampa yote, kisha anaanza kupunguza kwa asilimia kama yuko sokoni, mpaka anatua kwenye 85. Tulicheka wote, kambi zote mbili. Lakini angalieni: fundi huyu alimtengenezea mkono na mguu wa chuma, akaurekebisha mkono huo kila ulipovunjika, miaka kabla ya posa. Hata hapa, neno lilikuja baada ya kazi kwisha kufanyika.

Nawaomba wanachama mfanye jambo moja kabla ya toleo lijalo. Chagueni wahusika wawili kutoka anime yoyote, kisha mtafute neno moja la Kiswahili linalowatosha, mlitetee kwa tukio lililomo ndani ya hadithi yenyewe. Mwenzetu wa Bukavu ameshanitumia lake kwa Roy na Riza. Anasema si wandani, ni wadaiwa, kwa kuwa deni lao ni moja na halijalipwa. Nimelifikiria kwa siku kadhaa. Bado nashika langu, ila la kwake sasa limekaa kando ya langu kila ninapomwona Riza akisimama nyuma ya Kanali wake.