HOTELI NA MLANGO WA NYUMA



Wako watakaouliza, chama cha wafanya kazi kina haja gani na ramani za mahoteli? Hata hapa Isecheno tumekwisha kuulizwa. Sisi tunaokaa kando ya msitu wa Kakamega twaujua mti kabla haujawa meza ya mtu, na sisi wa reli twaujua mzigo kabla haujawa nyumba. Basi tuna haki ya kuitazama nyumba yenyewe.

Tuchukue Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na hoteli ikafunguliwa sikukuu ya Krismasi ya 1904, juu kidogo ya mto Nairobi. Vyombo vilivyotoka ng'ambo vilipanda reli kutoka Mombasa. Ni nyumba nzuri, hatukatai. Ndani iko bustani iliyozungukwa na vyumba, hata mgeni husahau kelele za mji. Mbele iko veranda inayoelekea barabarani, mahali pa kukaa na kinywaji na kuwatazama wapitao. Aliyeichora alijua kazi yake: aliyeketi anamwona kila mtu, na kila mtu anamwona yeye.

Lakini veranda hiyo ina habari nyingine. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, aliyekuwa mfanya kazi wa simu katika Hazina, naye alipinga kipande, kodi na kupunguzwa mishahara. Wafanya kazi wakagoma. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli, kutaka afunguliwe. Askari walipiga risasi, na imeandikwa na wengi kwamba walowezi waliokuwa verandani nao walipiga. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja wengi zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru alikufa pale. Leo barabara hiyo yaitwa Harry Thuku, na mgeni anywaye chai huenda hakisomi kibao.

Hatusemi veranda ni mbaya. Twasema nyumba huonyesha ni nani aliyefikiriwa ilipochorwa. Mgeni amepewa dirisha, upepo na maua. Mpishi, dobi na mtandika vitanda wamepewa nini? Ziko hoteli, wala hatutaji jina, ambazo ukumbi wake una dari ya mbao iliyong'arishwa, na jiko lake halina dirisha. Wafanya kazi hubadili nguo stoo, na chakula hula wamesimama karibu na mapipa ya taka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kunawia, pa kuweka nguo, na viti vya kupumzikia. Haya ni mambo ya ramani. Ukuta ukisha kujengwa mwajiri husema hakuna nafasi, na hapo husema kweli.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu wa KUDHEIHA, chama cha wafanya kazi wa mahoteli, waombe kuiona ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Na ninyi wanachama wenye watoto wanaofanya kazi katika nyumba za wageni Kakamega na Kisumu, leteni habari katika mkutano wa tawi. Chumba cha nguo kipo? Viti vipo? Mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli usiku watu wakiwa ndani? Majibu tutayaandika bila kutaja jina la mtu.