Waya Ulioungua Hautibiwi kwa Utepe

Katika magari mengi makuukuu, waya ulioungua karibu na injini husokotwa kwa vidole, ukafunikwa utepe, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kwa maoni yetu, huko ni kuficha ugonjwa, siyo kuutibu.

Fizikia yatuonyesha sababu. Taa mbili za mbele, za wati 55 kila moja, kwa volti 12 huvuta mkondo wa ampea 9 hivi. Mkondo huo ukipita katika kiungo chenye kutu, hata kama ukinzani wake ni omu 0.1 tu, hutoa wati 7 au 8 za joto mahali padogo mno. Plastiki hulainika, kutu huongezeka, ukinzani hupanda, na joto nalo hupanda.

Basi fundi na aukate waya hadi aione shaba inayong'aa, aunge kwa kiungio kilichobanwa barabara, na atumie waya wa unene uleule wenye ganda linalostahimili joto la injini. Fyuzi kubwa zaidi isitiwe kamwe.

Walimu nao wawaonyeshe wanafunzi jambo hili kwa voltimita: taa zikiwaka, kiungo kizima husoma karibu na sifuri; kiungo kibovu hujitangaza chenyewe.